Umekuta Gobore la Marehemu Babu? Soma Kwanza

Matanga yamekwisha, ndugu wa mbali wamerudi Dar na Mwanza, na waliobaki wanapanga vitu vya marehemu. Mara mtu anachomoa kitu kirefu kutoka juu ya dari, kimeviringishwa gunia, kimejaa masizi na kinyesi cha popo. Ni gobore. Katika vijiji vya Ushetu, Msalala, Bukombe na Mbogwe jambo hili bado hutokea, kwa sababu kizazi kinachoondoka sasa ndicho kilichokua wakati bunduki ya kushindilia ilikuwa chombo cha kawaida cha mwindaji na mlinzi wa shamba.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliyebaki na gunia hilo mikononi. Kama ulitarajia kufundishwa namna ya kulitengeneza lipige tena, hutapata hapa, na sababu zake zitafuata. Utakachopata ni namna ya kulishughulikia bila kumuua mtu, bila kufungwa, na bila kupoteza historia ya ukoo wako.

Kabla ya jambo lolote: chukulia limeshindiliwa

Baba mdogo atakuambia, "Hiyo haina kitu mwanangu, imekaa hapo tangu enzi za Mwalimu." Msikilize kwa heshima, kisha usimwamini. Bunduki ya kisasa unaweza kuifungua ukaona kama kuna risasi ndani. Gobore halifunguki. Baruti, kitambaa na marisaa vyote huingizwa kwa mdomo wa mtutu na kushindiliwa kwa mdeki hadi chini kabisa, na ukitazama kwa nje huoni tofauti kati ya lililojaa na lililo tupu. Wazee wengi waliliacha likiwa tayari usiku kucha kwa ajili ya fisi au wezi wa ng'ombe, asubuhi wakalirudisha juu bila kulifyatua, maana baruti ilikuwa ghali.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Fataki, yaani kile kifuniko kidogo cha kuwashia baruti, ikigoma kulipuka, mpigaji mwenye haraka hudhani bunduki imepiga, akashindilia tena juu ya shehena ya kwanza. Baada ya vita vya Gettysburg kule Marekani, mwaka 1863, zilikusanywa bunduki zaidi ya 27,000 kutoka uwanjani. Kwa hesabu iliyoandikwa wakati ule, karibu 24,000 zilikuwa bado zimeshindiliwa, na takriban nusu ya hizo zilikuwa na shehena mbili ndani. Hao walikuwa askari waliofunzwa. Sasa mfikirie mtu aliyeamshwa na mbwa saa nane za usiku.

Usijidanganye pia kwamba baruti imeoza. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, mkaa na kiberiti cha unga, na ikikaa pakavu haichoki. Mwaka 2008, katika jimbo la Virginia, mkusanyaji mmoja wa vitu vya kale aliuawa na tufe la mzinga lililotengenezwa wakati wa vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865. Alikuwa analisafisha tu kutu. Zaidi ya miaka 140 ilikuwa imepita. Juu ya dari la nyumba inayopikiwa ndani, penye joto na moshi mwaka mzima, ndipo mahali pakavu kuliko pote kijijini.

Kwa hiyo fanya hivi. Liache pale lilipo kama linaweza kuachwa. Toa watoto nje, na si watoto peke yao, hata vijana wanaotaka kupiga nalo picha za simu. Zima jiko na sigara. Tazama nyundo yake, yaani kile kidole cha chuma kilicho juu ya mahali pa kufyatulia: ikiwa imeinuka na kukaa nyuma, usiguse kabisa, mwite polisi aje na mtaalamu wake. Ikiwa imelala na ni lazima lihamishwe, mtu mzima mmoja alibebe polepole, mdomo wa mtutu ukielekea mahali pasipo na mtu wala mfugo, mkono ukiwa mbali na kifyatulio, asilikokote wala kulishusha kwa kishindo. Liwekwe kwenye chumba chenye kufuli.

Usichungulie mtutuni. Usichokonoe kwa waya wala kwa chuma cha mwamvuli. Usimwage maji ukidhani umemaliza kazi, kwa sababu maji yanaweza yasifike chini ya shehena iliyoshindiliwa miaka 50 iliyopita, nawe ukabaki na imani ya uongo, ambayo ni mbaya kuliko hofu.

Tafuta karatasi

Wakati gobore limefungiwa, fungua sanduku la marehemu. Si kila gobore ni haramu. Tangu enzi za mkoloni na hata baada ya Uhuru, wazee walipewa leseni za kumiliki bunduki hizi kwa uwindaji mdogo na ulinzi wa mazao. Leseni inaweza kuwa imekunjwa ndani ya kadi ya chama, ndani ya Biblia, au ndani ya bahasha ya stakabadhi za pamba za chama cha ushirika. Tafuta namba pia: silaha iliyosajiliwa kwa kawaida huwa na namba iliyogongwa kwenye chuma, na namba hiyo ndiyo inayounganisha karatasi na bunduki.

Ukipata leseni, mambo ni mepesi. Leseni ilikuwa ya marehemu, haikurithiwa pamoja na ng'ombe. Msimamizi wa mirathi anachukua leseni na cheti cha kifo, anakwenda polisi wilaya kutoa taarifa, na silaha inakabidhiwa huko. Mrithi anayeitaka anaomba kwa jina lake mwenyewe, naye anapimwa kama mwombaji yeyote.

Usipopata karatasi, hali ni nyingine, na hapa nataka usome polepole. Silaha nchini inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Sheria haijali kwamba mtutu ni wa bomba na kitako ni cha mninga kilichochongwa nyuma ya nyumba. Gobore ni silaha ya moto. Kulimiliki bila kibali ni kosa, na kosa hilo huunganishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi ambayo, baada ya marekebisho ya 2016, inaweka kifungo cha miaka 20 hadi 30. Wapo watu magerezani leo kwa gobore moja. Ukijua kwamba liko ndani ukanyamaza, utetezi wa "lilikuwa la babu" unazidi kudhoofika kila siku inayopita.

Lisome kwa macho

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda, na wengi huiruka. Kabla gobore halijatoka mikononi mwa familia, lisome. Huhitaji kuligusa sana. Tochi na simu vinatosha.

Anza na mtutu upande wa nyuma, karibu na kitako. Kama unaona alama ndogo zilizogongwa, mfano herufi ELG ndani ya umbo la yai, bunduki hiyo ilipimwa Liège, Ubelgiji, mji uliotengeneza silaha nyingi mno kwa soko la Afrika. Ukiona taji na neno TOWER kwenye bamba la ubavuni, asili yake ni Uingereza au ni nakala ya bunduki ya Kiingereza, maana alama hiyo ilinakiliwa sana. Bunduki za namna hii ziliingia bara kwa misafara iliyotoka Bagamoyo na Pangani, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu. Ndizo zilizobebwa na rugaruga, yaani askari, wa Mtemi Mirambo alipopambana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, vita ambavyo Henry Morton Stanley alijikuta ndani yake. Mirambo alifariki mwaka 1884. Miaka michache baadaye Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume, yaani za kuwashwa kwa jiwe, zenye mtutu laini ndani. Ndiyo maana babu zetu walibaki na silaha ambayo majeshi ya Ulaya yalikuwa yameshaitupa.

Tazama ubavu. Gumegume halisi lina taya mbili za chuma zilizobana jiwe, na chini yake kisahani kidogo cha baruti. La fataki lina nyundo yenye uso wa bapa au wenye shimo, na mbele yake kijineno cha chuma kinachovishwa kifuniko kidogo cha shaba. Ukiona matundu ya skrubu ya zamani yaliyozibwa, huenda lilikuwa gumegume likageuzwa kuwa la fataki. Mabadiliko hayo yalifanywa sana Ulaya kuanzia miaka ya 1830.

Kisha kuna yale yaliyotengenezwa hapa kwetu, ambayo ndiyo mengi. Utayajua mara moja: mtutu ni bomba la maji, wakati mwingine weupe wa zinki bado unaonekana chini ya kutu, kuna donge la kuchomelea nyuma, nati ni ya baiskeli au ya gari, kitako kimefungwa kwa mpira wa tairi au waya wa shaba. Usilidharau. Mhunzi aliyelitengeneza hakuwa na mashine, na ukanda huu una jina katika kazi ya chuma: Warongo wa upande wa Geita na Uzinza walijulikana kwa kuyeyusha mawe na kufua majembe yaliyouzwa hadi Usukuma na Unyamwezi. Tazama jinsi mti ulivyochaguliwa ili mshipa wake ufuate mkunjo wa kitako. Hiyo ni akili ya fundi.

Lakini bomba ni bomba.

Kwa nini usilipeleke kwa fundi

Kule Birmingham kuna nyumba ya upimaji iliyowekwa kwa sheria mwaka 1813, na kazi yake ni moja: kila mtutu unafyatuliwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla haujauzwa. Ukipasuka, unapasukia huko, mtu akiwa nyuma ya ukuta. Alama iliyogongwa ni ushahidi kwamba chuma kilistahimili. Bomba la maji halijapitia hayo. Limetengenezwa kustahimili msukumo wa maji, lina mshono ubavuni, na hakuna anayejua chuma chake ni cha aina gani.

Hata mtutu wa kiwandani uliokaa miaka 80 hauaminiki. Mabaki ya baruti nyeusi hunyonya unyevu wa hewa, na usiposafisha siku ileile kutu huanza kula kutoka ndani, kuzunguka pale pale shehena inapokaa. Nje unaona chuma kinene. Ndani kimebaki chembamba kama ganda la yai. Likipasuka, linaondoka na vidole vya mkono wa kushoto ulioshika mtutu. Au kizibo cha nyuma kinachomoka, nacho kinaelekea moja kwa moja kwenye jicho lililokuwa linalenga.

Fundi wa kuchomelea pale mjini ataona donge lililofunguka akakuambia, "Lete elfu ishirini, dakika kumi tu." Moto wa kuchomelea kwenye mtutu ambao huenda umeshindiliwa! Na hata ukiwa mtupu, kutengeneza silaha bila leseni ni kosa kwake na kwako. Fundi, kama unasoma hapa, kataa kazi hiyo bila kuona haya.

Neno jingine kwa watu wa machimbo, kuanzia Kakola hadi Nyarugusu, kwa sababu baruti iko karibu nao kuliko na wengine. Baruti ya kupasulia miamba si baruti ya bunduki. Ile nyeusi inaungua kwa kasi na kusukuma. Ya mgodini inapasua. Ukiiweka mtutuni umetengeneza bomu ulilolishika karibu na shavu. Isitoshe, baruti hizo zina Sheria yake tangu 1963, zina daftari, na anayezitoa stoo bila kuandikwa ana kesi yake pekee. Na kama unataka kujua ghala la baruti likiwaka linaweza kufanya nini, kumbuka ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, Tabora, Januari 1893: alipoona Wajerumani wameingia, aliwasha ghala lake la baruti na kujilipua pamoja na waliokuwa naye.

Kulikabidhi

Serikali hutangaza vipindi vya msamaha ambavyo anayesalimisha silaha kwa hiari hashtakiwi kwa kuimiliki. Cha Septemba hadi Oktoba 2023 kilikuwa kimojawapo. Kipindi kama hicho kikiwa wazi, usisubiri wiki ya mwisho. Silaha hupokelewa kituo cha polisi, na viongozi wa serikali za mitaa huelekeza wananchi.

Kikiwa kimefungwa, bado kukaa kimya ni kubaya kuliko kusema. Ila usilipakie kwenye bodaboda ukaelekea mjini. Ukikamatwa barabarani, nani ataamini ulikuwa unakwenda polisi? Nenda mikono mitupu. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, waje waone lilipo, waandike, na mtendaji awasiliane na kituo ili polisi walifuate. Familia yenye uwezo imwone wakili kwanza. Kamanda wa sungusungu anaweza kuwa shahidi mzuri, na ni haki yake kujua: jeshi hilo la jadi lilizaliwa huku huku Kahama na jirani zake mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe wa kutumia bunduki ulipopamba moto baada ya vita vya Kagera, nao waliukabili kwa pinde, mishale na filimbi.

Omba uandikiwe hati ya makabidhiano: tarehe, jina la askari na namba yake, aina ya silaha, alama zake, na kwamba imetolewa na familia kwa hiari. Hati hiyo itunze na hati ya shamba.

Kuhusu kuuza, nitasema kwa kifupi. Atajitokeza mtu, mara nyingi kupitia kijana wa familia, mwenye bei nzuri. Mnunuzi wa gobore lisilo na karatasi anataka nyama ya porini au fedha za watu. Likikamatwa ndani ya pori la Kigosi au kwenye tukio la ujambazi, njia ya upelelezi inarudi hadi kwenye dari lako.

Kama shida yako ni wanyama shambani

Najua wengine watasema maneno haya ni ya mjini: nguruwe pori wanamaliza mahindi, nyani wanamaliza karanga, tembo wakivuka hakibaki kitu. Ni kweli. Lakini gobore halimtishi tembo, linamjeruhi, na tembo aliyejeruhiwa ndiye anayeua mtu. Toa taarifa kwa afisa wanyamapori wa halmashauri au kwa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, mapema, wakati nyayo bado ziko shambani, kwa sababu madai ya kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kuuawa yanahitaji ukaguzi. Malipo ni madogo na huchelewa, hilo sikufichi. Uzio wa mizinga ya nyuki, uliojaribiwa Kenya na kuenea kwetu, huwazuia tembo wengi na unakuletea asali. Uzio wa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu nao unasaidia mkishirikiana shamba kwa shamba.

Kwa anayependa kazi yenyewe

Duniani wapo wanaotengeneza na kupiga bunduki za kushindilia kwa mapenzi ya ufundi tu. Marekani wana chama chao tangu 1933, na mashindano hufanyika katika kijiji cha Friendship, jimbo la Indiana. Kimataifa kuna kamati inayoitwa MLAIC yenye mashindano ya dunia. Mitutu yao imepimwa, viwanja vina wasimamizi, na kila mtu ana karatasi. Kwetu mlango wa kutengeneza umefungwa bila leseni, na kwa maoni yangu ni sawa ubaki hivyo. Ila mlango wa kuhifadhi uko wazi, na hatuutumii.

Ukigundua kwamba gobore lenu ni la zamani kweli, lenye alama za Liège au lenye habari ya mtemi fulani, sema hivyo wakati wa kulikabidhi, na uandike barua kwa Makumbusho ya Taifa au kwa Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, nakala kwa polisi. Mazungumzo yawe kati ya taasisi na polisi, wewe usilibebe. Na usilisugue kwa msasa wala kulipaka rangi ya mafuta ili ling'ae. Msasa unafuta alama ambazo ndizo ushahidi wa umri wake, na ganda jeusi la kutu la miaka mingi lina habari kuliko mng'ao wako.

Piga picha: lote kutoka pande mbili, alama kwa karibu, mdeki, pembe ya kutunzia baruti kama ipo, mfuko wa ngozi. Kisha kaa na bibi au mzee aliyebaki, daftari mkononi. "Shikamoo bibi. Babu alilipata wapi hili?" Andika alilipata kwa nani, kwa ng'ombe wangapi, alilitumia kwa nini, mhunzi alikuwa wa ukoo gani, mara ya mwisho lililia lini. Usimsahihishe, andika anavyosema.

Fanya hayo kabla askari hawajaja kulichukua, kwa sababu silaha nyingi zinazosalimishwa huishia kuteketezwa.